Klipu za miundo tofauti: ziandaliwe kabla, au programu itajijua?

Wahariri wengi wanaona kuandaa klipu, yaani kuzigeuza zote ziwe za muundo na kasi moja kabla ya kukata, ni mambo ya enzi za kanda. Siku hizi, wanasema, programu inameza chochote: filamu ya fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, video ya 29.97, klipu ya simu, vyote mradi mmoja, kata twende. Wana hoja. Habari inayorushwa jioni haiwezi kusubiri. Tena kugeuza saa moja ya HD kuwa ProRes 422, muundo wa faili wa kuhariria, kunakula takriban gigabaiti 66 za diski, na huenda utakachotumia hakifiki dakika tatu.

Ila kumeza si kusaga. Chukua filamu iliyohamishiwa kwenye video ya 29.97. Ili hesabu itimie, kila fremu nne za filamu hutandazwa kwenye fremu tano za video, na mbili kati ya hizo tano huwa chotara: mistari ya fremu moja imepishana na mistari ya jirani yake. Ikichezwa, jicho halishtuki. Sasa mpe fundi wa efekti, anayebadilisha picha kwa kompyuta, autenge mkono wa mwigizaji unaopita mbele ya ukuta. Katika kila fremu tano, mara mbili anakuta vidole vimeota meno kama kitana, nusu viko hapa, nusu vimeshasogea. Achonge ukingo upi? Na kama mtu alishaipunguza ukubwa picha hiyo, mistari imeyeyukiana na haitenganishiki tena.

Kuzirudisha klipu za namna hii kwenye fremu 24 kabla ya kukata ni rahisi, kwa sababu mpangilio wa chotara unajirudia bila kuyumba. Ukishakata, kila kipande kinaanzia mahali pake katika mzunguko ule, nawe unatafuta upya kipande kwa kipande. Muda uliodhani umeuokoa unalipwa hapo, na kwa kawaida anayelipa si mhariri.

Sauti nayo: klipu ya fremu 24 ikisomwa kama ya 23.976, ndani ya saa moja midomo inapishana na maneno kwa sekunde 3.6. Simu zinazobadilisha kasi ya fremu zikiwa zinarekodi ni balaa zaidi.

Wapo wanaokata kwanza, kisha wanaandaa vipande vilivyochaguliwa tu. Sina ugomvi nao pale klipu zote zina kasi moja. Kasi zikitofautiana, zile za efekti ziandaliwe kutoka faili za awali kabla fundi hajazigusa. Za mahojiano ya kawaida zinaweza kungoja.