Hati imesainiwa na wakili, lakini usiitupe

Mtu akipokea hati ya wito (subpoena, inayomtaka atoe nyaraka au ushahidi) yenye jina la mahakama ya shirikisho ya Marekani, hudhani hakimu amekaa, akatafakari, kisha akamwita. Wapi! Kanuni ya 45 ya mwenendo wa mashauri ya madai inamruhusu wakili wa upande mmoja kuisaini mwenyewe, na hakimu anaweza asijue kama karatasi hiyo ipo mpaka ugomvi uzuke. Kwangu mimi huo ni uwezo mkubwa mno kumwachia mtu anayelipwa ili ashinde. Lakini ukiitupa umejichongea, maana ina nguvu ya amri, na kuipuuza bila sababu ya msingi ni kuidharau mahakama.

Chukua mhasibu asiyehusika na kesi kwa lolote, ila aliwahi kumtunzia mdaiwa vitabu vya hesabu. Anaagizwa atoe "nyaraka zote na mawasiliano yote" ya miaka kumi. Sentensi hiyo hainipendezi hata kidogo. Ni wavu wa mvivu, anautupa kwanza ndipo ajiulize anatafuta samaki gani. Kanuni yenyewe inamtaka wakili asimtwishe mtu wa nje mzigo usio na sababu. Mhasibu ana siku 14 tangu akabidhiwe hati kuandika pingamizi, na kama siku ya kutoa nyaraka iko karibu zaidi, pingamizi liitangulie. Barua fupi yenye sababu inatosha kugeuza mambo: sasa anayezitaka nyaraka ndiye wa kwenda mahakamani kuomba amri. Akinyamaza, kwa kawaida amepoteza haki ya kulalamika. (Akiitwa kuhojiwa ana kwa ana, barua haimwokoi, hapo lazima aombe mahakama iutengue wito.)

Nasikia watu wakisema tarehe za mwisho ni mtego wa kuwanasa wanyonge. Nakubali nusu. Mtego mkali kuliko yote haumo hata kwenye wito, umo kwenye Kanuni ya 36. Mpinzani wako anakuletea orodha ya mambo ukiri au ukane: kwamba saini ni yako, kwamba mzigo uliupokea, kwamba hukulipa. Siku 30 zikipita kimya, yote yanahesabiwa umeyakiri, hata yale ya uongo. Hakimu anaweza kukuruhusu uyaondoe, ila itabidi uombe, na mwenzako asiwe ameumia kwa kukutegemea. Kwa mtu asiye na wakili, huu ndio ukatili ambao ningeupunguza kesho kama ningepewa kalamu.

Kwa mawakili, huruma yangu ni ndogo. Tuseme hakimu amepanga zoezi la kubadilishana ushahidi lifungwe tarehe 30 Juni. Wakili analeta ombi la nyaraka tarehe 10 Juni. Mwenzake ana siku 30 za kujibu, kwa hiyo jibu linaangukia 10 Julai, siku kumi baada ya mlango kufungwa. Na kama ombi limekuja kwa posta, siku 3 huongezwa. Ombi hilo limezaliwa maiti. Sasa wakili anakumbuka mtu wa nje, anampelekea wito, akidhani dirisha litamfaa pale mlango ulipomshinda. Mahakama nyingi zinahesabu wito wa namna hiyo kuwa sehemu ya zoezi lile lile, na tarehe ni ile ile.

Kinachobaki ni kuomba muda uongezwe, na Kanuni ya 16 inadai sababu nzuri. Hakimu haanzi kwa kuuliza nyaraka zina umuhimu gani. Anafungua jalada, anatazama ratiba aliyoitoa Januari, kisha anauliza ulikuwa unafanya nini Februari, Machi na Aprili.