Kabla ya kulaumu draiva, soma kumbukumbu za kerneli

Kwa wiki nzima niliamini kwamba bodi yangu ndogo ya mikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) ilikuwa mbovu. Kila nilipoichomeka kwenye kompyuta yangu ya Linux taa yake iliwaka, lakini programu ya kuandikia msimbo haikuona mlango wowote wa kuipelekea kazi. Nilibadilisha kebo mara tatu (si upuuzi, kwani kebo nyingi za USB hupitisha umeme tu bila data), nikasakinisha upya zana zote, na hatimaye nikaanza kutafuta mtandaoni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa, ya CH340, chipu ambayo bodi hiyo huitumia kuwasiliana na kompyuta. Ilikuwa kazi bure, kwa sababu draiva hiyo imo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, kwa jina la ch341, na imekuwamo kwa miaka mingi.

Siku nilipoamua kuandika dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za kerneli, kwenye terminali mara tu baada ya kuchomeka bodi, nilikuta kisa chote kimeelezwa kwa mistari michache. Kerneli ilikitambua kifaa, ikakipa jina la ttyUSB0 (faili ambalo programu hulitumia kuwasiliana na kifaa), kisha programu iitwayo brltty ikakinyakua, na mstari wa mwisho ukatangaza kwamba kifaa kimetenganishwa na ttyUSB0. Brltty huwawezesha watu wasioona kusoma yaliyomo kwenye skrini kwa vidole kupitia kifaa cha breli. Kumbe kipo kifaa cha breli kilichoundwa kwa chipu ya aina hiyohiyo, ambacho kwa hiyo hujitambulisha kwa namba ileile, 1a86:7523, na brltty kila ilipoiona namba hiyo ilidhani mwenyeji wake amefika. Bodi ilikuwa nzima, draiva ilikuwa nzima, na hata brltty ilikuwa ikitimiza wajibu wake.

Tangu hapo nimekuwa mgumu kuafiki malalamiko kwamba Linux haipatani na vifaa. Mara nyingi mfumo umeshataja sababu, ila sisi tumezoea kukimbilia amri tuliyoinakili mtandaoni kabla ya kusikiliza. Chukua kosa la kunyimwa ruhusa ya kufungua ttyUSB0, ambalo humkuta karibu kila anayeanza. Ushauri unaosambaa ni kutumia chmod, amri ya kubadili ruhusa za faili, ili kila mtu aruhusiwe kuandika kwenye faili hilo, nao hufanya kazi hadi utakapochomoa kebo, kwa kuwa faili la kifaa huundwa upya kila kinapochomekwa na ruhusa zake hurejea zilivyokuwa. Dawa ya kudumu ni kumwingiza mtumiaji kwenye kikundi chenye kibali, ambacho kwenye Debian na jamaa zake huitwa dialout na kwenye Arch, toleo jingine la Linux, huitwa uucp, kisha kutoka na kuingia upya. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na mtu huapa kwamba amefanya yote na hakuna kilichobadilika.

Sisemi kwamba lawama zote ni za mtumiaji. Kadi nyingi za Wi-Fi hazifanyi lolote mpaka zipakiwe programu dhibiti (firmware, programu inayoendesha kadi yenyewe) ambayo msimbo wake mtengenezaji hautoi, na kwa miaka mingi diski rasmi ya kusakinishia Debian haikuwa nayo, kwa sababu za msimamo wa programu huria. Matokeo yake yalikuwa kichekesho: ulihitaji intaneti ili upate faili la kukuwezesha kupata intaneti. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kuruhusu mafaili hayo, na toleo la 12, lililotoka Juni 2023, likaja nayo. Wapo walioona huo ni usaliti wa misingi. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa mtu aliyeshindwa kusakinisha mfumo huria siku ya kwanza hapati hata nafasi ya kujifunza kwa nini uhuru huo una thamani.

Draiva zinazojengwa nje ya kerneli zina usumbufu wake: zinahitaji mafaili ya vichwa (maelezo ya kerneli yanayotumika kuzijenga) yanayolingana na kerneli inayotumika, na pale Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu kompyuta inapowaka, inapowashwa, moduli (draiva iliyojengwa hivyo) isiyotiwa saini mara nyingi hukataliwa hata kama imejengwa vizuri. Hapo pia kerneli husema wazi kwamba imekataa ufunguo, lakini mtu hujenga moduli ileile mara nne akitumaini itabadili nia.

Kwa ile bodi yangu, maelekezo mengi niliyoyakuta yalishauri kuifuta brltty kabisa. Sikupendezwa na ushauri huo, kwani kompyuta hutumiwa na watu wengi, na kumwondolea asiyeona njia yake ya kusoma ili taa yangu ya majaribio iwake si haki. Nilinakili faili la kanuni za brltty za udev, sehemu ya mfumo inayoamua la kufanya kifaa kinapochomekwa, kwenye /etc/udev/rules.d, nikaizima kwa alama ya reli (#) kanuni moja tu iliyotaja 1a86:7523, nikapakia kanuni upya na kuchomeka bodi. Safari hii dmesg iliishia kwenye mstari wa ttyUSB0, na hapakuwa na mwingine chini yake.