Watu wamejaa Mwanga, lakini faida inakwenda kwa nani?

Vijana wengi wanaotaka kufungua duka hapa Kigoma wanalitaka eneo la Mwanga tu. Kuna soko, na watu hawakauki. Nawaelewa, ila naona tunahesabu wanaopita na kusahau kinachobaki mfukoni.

Tuseme fremu ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Unauza vitenge na kila kimoja kinakuachia 3,000. Basi vitenge 100 vya kwanza ni vya mwenye fremu. Hapo bado umeme, bado kodi ya serikali, bado kijana wa kukusaidia. Kuna kilemba pia, yaani hela ya kuachiwa fremu, na pango la miezi sita kwa mkupuo, pesa ambayo ingekuwa mzigo dukani. Zuio, yaani kodi ya serikali ya asilimia 10, kisheria linakatwa kwenye pango la mwenye nyumba, lakini wapangaji wengi wanabebeshwa wao. Jambo hili linaniudhi, maana wateja wa Mwanga waliletwa na wafanyabiashara waliokubali kubanana pale.

Kubanana kwenyewe kuna faida. Mwaka 1929 mchumi wa Marekani, Harold Hotelling, alionyesha kwa hesabu jinsi wauzaji wanavyosogeleana, kila mmoja akiwania wateja wa jirani. Kwenye vitenge mteja naye anataka hivyo: mama hanunui mpaka apite maduka matatu manne, akunjue, asugue kitambaa kwa vidole, akitoe nje akione rangi juani. Ukijitenga peke yako mtaa mwingine kama Gungu, hakufuati.

Fundi cherehani je? Akishajua vipimo vyako utamfuata hata uchochoroni. Sioni kwa nini alipe pango la Mwanga.

Kibirizi, kando ya ziwa, ni habari nyingine. Muuza nyavu na kamba anafaa awe karibu na mwalo, pale boti za uvuvi zinapofikia, kwa sababu mvuvi akihitaji anahitaji sasa hivi. Lakini mauzo yake yanafuata mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikiwaka mwalo unapoa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, duka linalomtegemea mvuvi peke yake lilibaki na pango bila mteja.

Kabla ya kutoa hela, kaa jirani na fremu hiyo kutwa nzima, siku za giza na siku za mbalamwezi, uhesabu wanaoondoka na mfuko mkononi. Halafu dai mkataba wa maandishi unaosema pango halipandi kabla ya muda gani, na kwamba zuio ni la mwenye nyumba.