Msanii wa Mtaa Haitwi "Wengineo Wengi"

Msimu wa matamasha umerudi, na nguzo za stima kando ya Jogoo Road, hapa Nairobi, zimejaa mabango tena. Juu kabisa jina la tamasha, likiusifu mtaa na utamaduni wetu. Katikati uso wa mwanamuziki mmoja anayejulikana nchi nzima. Chini yake madijei watatu, kila mmoja na picha yake. Halafu, kwa herufi ndogo kuliko hata nambari ya kulipia tiketi: "na wasanii wengineo wengi wa mtaa."

Nimechoshwa na neno hilo. Tamasha limetangazwa kwa jina la mtaa, ufadhili umeombwa kwa jina la mtaa, kisha mtaa wenyewe unaandikwa "wengineo".

Kuna atakayesema hilo ni bango tu. Sikubali. Neno hilo likishaandikwa kwenye bango huwa limeshaandikwa kwingine: kwenye bajeti, kwenye ratiba, kwenye orodha ya vyombo vya kukodi. Msanii asiye na jina hakuna anayemuuliza chombo chake kina nyuzi ngapi, anakuja na watu wangapi, anapiga ameketi au amesimama. Siku ikifika anakuta pahali palipotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Tuanze na ratiba. Tamasha la kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni lina dakika 360. Mwandalizi huogopa kumuudhi mtu, basi anaalika vikundi 18 na kukipa kila kimoja dakika 20. Zidisha: 18 mara 20 ni 360 kamili. Haijabaki hata dakika moja ya kikundi kimoja kushuka na kingine kupanda. Madijei hupokezana kwa dakika tano kwa sababu mashine hubaki palepale. Mpiga nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo, anahitaji robo saa: kigoda kiwekwe, vipaza sauti vishushwe, nyuzi zikazwe. Kikundi cha watu 12 chenye ngoma na waitikiaji kinahitaji robo saa na ushee. Ikifika saa tisa, ratiba imechelewa kwa zaidi ya saa nzima. Na kwa kuwa yule wa kwenye picha ana mkataba unaotaja saa yake ya kupanda, wanaopunguziwa ni hao wengine. Mshereheshaji anamwinamia kiongozi wa kikundi: "Mzee, wimbo mmoja tu." Watu wamefanya mazoezi miezi miwili, wametoka Kayole na mavazi kwenye magunia, halafu wimbo mmoja.

Alika tisa. Tisa mara dakika 25 za kupiga ni 225. Tisa mara dakika 15 za kupokezana ni 135. Jumla ni 360. Na huyo wa kwenye picha ahesabiwe ndani ya hao tisa. Walioachwa waambiwe mapema kwamba zamu yao ni tamasha lijalo, na waandikwe kwanza kabisa kwenye orodha ya tamasha hilo.

Kwenye sauti nitakaa kidogo, maana huko ndiko uharibifu mkubwa hutokea. Mitambo hukodiwa kulingana na mahitaji ya dijei na ya mwimbaji anayeimba juu ya muziki uliorekodiwa: spika kubwa za besi, vipaza sauti viwili visivyo na waya, basi. Kisha anapanda mpiga nyatiti. Chombo chake kina nyuzi nane na sanduku la mbao lililowambwa ngozi. Anapiga akiwa ameketi chini kwenye kigoda. Kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo anagonga nayo ukingo wa chombo. Kwenye kifundo cha mguu amefunga njuga, gara. Na huku anaimba. Huyo ni mtu mmoja anayetoa sauti nne kwa wakati mmoja, na fundi mitambo anamwekea stendi moja ndefu mbele ya mdomo.

Watu waliosimama mbele ya jukwaa wanapata maneno. Nyuzi zinasikika kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe. Oduong'o, ambayo ndiyo inayoushika mwendo wa wimbo wote, haisikiki kabisa. Fundi anaongeza sauti, mluzi unaanza. Mluzi huo una chanzo kinachojulikana: ngozi ya nyatiti hutikisika kwa sauti yoyote inayoipiga, na ile spika ndogo ya kumrudishia msanii sauti yake imeelekezwa moja kwa moja kwenye ngozi hiyo. Sauti inatoka kwenye spika, inaitikisa ngozi, kipaza sauti kinaichukua tena, inarudi kwenye spika ikiwa kubwa zaidi. Umati unaziba masikio, na lawama anabebeshwa mzee na chombo chake, kwamba hakifai jukwaa la kisasa.

Chombo hakina kosa. Kinahitaji vipaza sauti vitatu. Kimoja kiwe kwenye stendi fupi, kama shubiri moja kutoka kwenye ngozi. Cha pili kiwe chini, kikiuelekea mguu, kichukue oduong'o na gara. Cha tatu ni cha kuimbia, kishushwe hadi usawa wa mtu aliyeketi. Spika ya kumrudishia sauti ikae upande wa nyuma wa vipaza sauti, kwa sababu kipaza sauti cha kawaida cha jukwaani husikia vizuri kwa mbele na kwa nyuma husikia kidogo sana. Sauti nzito za chini kabisa zipunguzwe kwenye kile cha ngozi, maana hizo ndizo huanza kuvuma kwanza. Kisha sauti ipandishwe polepole mpaka kunapoanza kuvuma, irudishwe chini kidogo, na fundi aandike mahali vitufe vilipo. Yote haya hufanywa asubuhi, kabla uwanja haujajaa, na kwa fundi aliyejiandaa hayamalizi nusu saa. Stendi fupi mbili na kipaza sauti kimoja cha ziada ni sehemu ndogo mno ya gharama ya kukodi taa za jukwaa.

Halafu kuna kivuli. Ngozi hukaza juani na kulegea kwenye unyevu. Mtu aliyekaza nyuzi saa sita chini ya mti, kisha akasubiri juani hadi saa tisa, atapanda na chombo ambacho hakiko tena pale alipokiacha. Hema dogo kando ya jukwaa kwa ajili ya wanaosubiri linatosha.

Isukuti ni habari nyingine. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hii ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na wapigaji huzibeba huku wakicheza na watu. Ukiipandisha kwenye jukwaa la plaiwudi lenye kimo cha mita moja umeitenga na wale wanaotakiwa kuingia na kucheza. Iache chini. Tenga duara la mita kumi, uweke vipaza sauti viwili kwenye ukingo, watu wazunguke. Na usisahau moto. Ngozi za ngoma hupashwa joto kabla ya kupigwa ili zikaze. Jioni ya Julai hapa Nairobi, kwa baridi ile, ngoma ambayo haikupashwa hutoa sauti ya gunia linalopigwa fimbo. Jiko moja la makaa nyuma ya uwanja, ndoo ya mchanga kando yake, na mtu wa kulichunga. Hivyo tu. Lakini asiyejua ni kikundi gani kinakuja hawezi kujua kwamba jiko linahitajika.

Mafundi wa mikono nao hutendewa vivyo hivyo. Msusi wa kiondo, kile kikapu cha mkonge, anatozwa ada ya meza sawa na anayeuza chakula na soda. Tuseme meza ni shilingi 3,000, na kuleta mzigo kwa gari ni 1,500. Ikiwa faida yake kwa kiondo kimoja ni shilingi 500, lazima auze tisa kabla hajapata hata senti ya chakula cha mchana. Muuza soda hurudisha ada yake kabla ya saa nane. Mwenye kiondo anauza kitu kilichomchukua siku nyingi, kwa mnunuzi ambaye huja, akatazama, akaenda, akarudi jioni. Ada kubwa ibebwe na vyakula na vinywaji, fundi aingie bure au alipe asilimia ndogo ya alichouza.

Na apewe nafasi ya kufanya kazi mbele za watu. Mita mbili kwa mbili za ardhi mbele ya meza zinatosha. Mtu akimwona mama anasokota mkonge kwenye paja, akiunganisha nyuzi na kuanza kitako cha kiondo, anaelewa bei bila kuelezwa. Mchongaji naye aje na gogo, tezo, patasi na msasa, na kamba ifungwe hatua mbili kutoka kwake ili watoto wasiokote vipande vyenye ncha. Anayechonga mawe ya Kisii akae mbali na chakula na awe na ndoo ya maji, kwa sababu jiwe likisuguliwa kavu hutoa vumbi jembamba linaloingia kifuani.

Mahema yapangwe kwa kufuata jua. Mbao ya jakaranda ambayo bado ni mbichi ikikaa kwenye jua la alasiri hukauka nje kabla ya ndani. Upande wa nje unajikunja, ndani pamekataa, na kinyago kinapasuka kwa urefu. Mnunuzi aliyekipenda saa saba anakikuta na ufa saa kumi. Kwa hiyo hema lisifunguke upande wa magharibi. Kuanzia Desemba hadi Februari jua hupita kusini mwetu, basi milango itazame kaskazini. Juni na Julai ni kinyume chake. Na ikiwa tamasha ni Novemba au Aprili, meza zinyanyuliwe juu ya mbao, maana udongo mweusi wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa jiji, ukinyeshewa haumwachi mtu na kiatu.

Vyoo na maji pia ni shida, na kila mtu anajua.

Malipo. Mwenye hema hulipwa kabla hajashusha nguzo, mwenye jenereta hulipwa kabla hajawasha, msanii wa mtaa huambiwa "tutawatumia". Hili linanikera kuliko yote. Nusu itumwe wiki moja kabla, kwa kuwa nauli na chakula cha watu 12 hutoka mfukoni mwa mtu. Nusu iliyobaki itumwe asubuhi ya tamasha, kabla maelfu ya simu hayajajaa uwanjani na mtandao kukwama. Na kikundi kiandike mapema nani anapata kiasi gani, kila mmoja atumiwe kwa nambari yake, kwa sababu vikundi vingi vizuri vimevunjika kwa pesa iliyopitia mkono wa mtu mmoja.

Nakubali, ingawa si kwa furaha, kwamba uso wa kwenye bango ndio unaoleta umati, na bila umati mama wa vyondo hauzi. Mfadhili naye hutaka picha anayoitambua. Sawa, picha ibaki. Lakini Nai Ni Who, mradi wa kuusherehekea mji mtaa kwa mtaa ulioanzishwa na kituo cha sanaa cha GoDown hapa Nairobi, ulishaonyesha kwamba wenyeji wa mtaa wanaweza kuachiwa wachague wenyewe cha kuonyesha kuhusu kwao. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inaitaka serikali ikuze sanaa na sherehe za jadi, na inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Na tamasha la muziki la shule, ambalo chimbuko lake ni mwaka 1927, hutangaza shule na wimbo kabla mtoto hajafungua kinywa. Kama mwanafunzi wa darasa la nne hutajwa, fundi wa miaka arobaini anastahili vivyo hivyo.

Kwa hiyo bango liwe la mwisho kutengenezwa. Kwanza karatasi moja kwa kila msanii: jina kama anavyoliandika mwenyewe, chombo, idadi ya watu, anaketi au anasimama, anahitaji moto, kivuli au ardhi, nambari ya kulipwa. Karatasi hizo apewe fundi mitambo, apewe mpanga ratiba, apewe mwenye mahema. Kisha nakala ya bango itumwe kwa kila kiongozi asahihishe jina lake kabla halijachapishwa. Majina tisa yanatosha kwenye karatasi ya A3, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyeketi ndani ya matatu.