Walimu Wanapomkataa Aliyehamishiwa Kwao

Tukisikia kwamba walimu wa shule ya serikali ya mkoloni walipinga mtu aliyehamishiwa kwao, wengi tunawaunga mkono papo hapo. Mkoloni ndiye aliyemleta, basi waliompinga walikuwa na haki. Nadhani tunaharakisha.

Hoja yao ni nzito, sikatai. Chukua mfano wa Shule ya Serikali Tabora: ilianza miaka ya 1920, hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, ikaendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za Uingereza. Utumishi wenyewe ulipangwa kwa rangi, mishahara na vyeo. Mwafrika aliyefundisha miaka mingi angeweza kuletewa mkubwa kutoka koloni jingine, asiyewajua wanafunzi wala Kiswahili, akatakiwa kumwelekeza kazi huku akimtii. Akiwa na lalamiko, lilipaswa kupitia kwa mkubwa huyo huyo. Martin Kayamba, mtumishi Mwafrika wa serikali, na wenzake walipounda chama cha watumishi Waafrika wa serikali kule Tanga mwaka 1922, walielewa kwamba sauti ya mtu mmoja haifiki mbali.

Kinachoniuma zaidi ni utaratibu. Uteuzi uliamuliwa Dar es Salaam, shuleni ikaja taarifa tu. Anayeulizwa mapema anatoa maoni. Asiyeulizwa, akifungua mdomo baada ya barua kufika, anaitwa mkaidi.

Hata hivyo, siwezi kuwapa walimu haki ya kumkataa yeyote wasiyemtaka. Tabora ni njia panda ya reli: moja inakwenda Mwanza, nyingine Kigoma. Kama shule ya njia panda ingejichagulia walimu, mwisho wa reli wangepelekewa waliokataliwa, na watoto wa Kigoma wangelipia ugomvi wasioujua. Na kuna pingamizi ambalo silitetei kabisa, lile la "si mtu wa huku". Julius Nyerere aliingia Tabora mwaka 1937 akitokea Butiama, karibu na Ziwa Victoria upande wa mashariki. Shule inayopokea wanafunzi kutoka mbali kiasi hicho inamkataaje mwalimu kwa ugeni wake?

Kwa hiyo, katika barua za pingamizi za enzi hizo, mimi nitatafuta walichoandika kuhusu kazi: sifa za mteuliwa, uzoefu wake, na waliorukwa ili yeye apate nafasi. Wakieleza hayo, niko upande wao. Wakitaja kabila, dini au alikozaliwa, niko upande wa aliyehamishwa, hata kama aliyesaini uhamisho ni mkoloni.