Msiniambie nimenona

Nilitoka Kondele, Kisumu, nikiwa na kilo 61, na miaka sita baadaye hapa Texas karibu na Dallas nikafika 84, na nataka niongee hii kitu wazi kwa sababu kila nikipiga simu ya video nyumbani naambiwa "umenona, Amerika imekukubali" na watu wanafurahi kabisa, mamangu mwenyewe anafurahi, na mimi nakata simu nikiwa na kitu kooni. Daktari alinipima, kimo changu ni mita 1.62, akapiga hesabu ya BMI, yaani uzito ukipimwa kwa kimo, ikatoka 32. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 hiyo sasa ni unene wa kuleta kisukari na presha, na kwetu presha tunaijua vizuri, imetuzikia watu.

Wengi wanadhani nakula sana. Sili kushinda vile nilikuwa nakula Kisumu. Huko nilikuwa naangusha ugali wa maana na omena na osuga, ile mboga ya mnavu, Jumapili chapo tatu, na mwili ulikuwa pale pale. Lakini siku yenyewe ilikuwa inanitembeza. Asubuhi mpaka steji, matatu ikinishusha Oile pale mjini natembea hadi kazini, jioni napitia soko la Kibuye kununua mboga, na maji yakipotea kwa ploti napanda gorofa tatu na mtungi wa lita 20. Hakuna mtu aliwahi kuita hiyo mazoezi, ilikuwa tu maisha. Huku nikifungua mlango, hatua kumi niko ndani ya gari, gari hadi kazini, kazini hadi nyumbani, gari tena. Duka liko mbali kama Kondele na Kibuye hivi, na barabara yake haina pa mtu wa miguu kupita. Siku moja nikaamua leo natembea, sijafika nusu, gari ikasimama, mama mmoja akashusha kioo akaniuliza kama gari yangu imeharibika, alikuwa na wasiwasi kweli kweli na alitaka kunibeba.

Halafu kuna usiku. Natunza wazee, shifti ya masaa 12, na wakati huo nilikuwa naingia jioni natoka asubuhi. Ikifika saa tisa usiku mwili unadai, na kitu iko karibu ni ile mashine ya kuuza soda na biskuti pale koridoni. Soda ya nusu lita ina sukari kama vijiko 13 vya chai, mimi nilikuwa nakunywa mbili bila hata kufikiria. Mchana nilikuwa nalala masaa manne, na mtu asiyelala vizuri homoni ya njaa inapanda na ile ya kukuambia umeshiba inashuka, kwa hivyo hata ukiwa na nia nzuri aje, mwili wako wenyewe unakuvuta upande ule mwingine. Ndio maana nakasirika nikisikia mtu akiita mnene mlafi. Marekani karibu watu wazima wanne kwa kila kumi wana huu unene wa BMI 30 kwenda juu, hao wote si walafi jamani.

Sasa kitu iliniuma ni nilipokuja nyumbani Disemba. Ndugu yangu mdogo ana miaka 31, kazi yake ni ya kukaa, ana tumbo tayari, na anaita boda imtoe geti mpaka dukani, mita kama 300. Jioni chips na smokie na soda kubwa, na mboga za kienyeji ati ni za ushago. Anaona hayo ndio maendeleo. Ule utafiti wa kitaifa wa 2015 ulipata watu wazima asilimia 27 Kenya uzito umezidi au ni wanene kabisa, na wanawake peke yao ni zaidi ya 38, na sioni vile hiyo namba inaweza kushuka tukiishi hivi. Mama naye, 66, Jumapili ameamka akashika kikapu tukaenda Kibuye kwa miguu. Akifika kwa omena anachukua kiganja, anasugua, ananusa, anarudisha, anaenda kwa mwingine, tulizunguka soko karibu masaa mawili na mimi ndio nilitafuta pa kukaa.

Kaunti iweke njia za miguu, na pikipiki zisiegeshwe juu yake. Na sisi tuache kupongeza tumbo kama ni shamba mtu amenunua.

Mimi niliomba shifti ya mchana, nikangoja miezi mitano nikapewa. Jioni nazunguka maegesho ya apatimenti nusu saa, soda niliacha. Wiki iliyopita nimefika 81. Mama akaniona kwa simu akanyamaza kidogo, halafu akateremsha sauti akaniuliza, "Nyathina, mtoto wangu, huko pesa iko sawa kweli?"