Kanuni ya uhasibu ikibadilika katikati, hesabu za robo mwaka humwambia nini mwanahisa?

Kila robo mwaka ikiisha, kurasa za magazeti ya Dar es Salaam hujaa hesabu za mabenki: safu za tarakimu, saini za wakurugenzi, na mara nyingi neno "hazijakaguliwa". Picha za kurasa hizo husambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wanahisa wadogo, na swali huwa lile lile: faida imepanda au imeshuka? Swali hilo ni la haki kabisa. Lakini kuna vipindi ambavyo ukurasa ule hauwezi kulijibu, kwa kuwa safu ya mwaka jana imeandaliwa kwa kanuni moja na ya mwaka huu kwa kanuni nyingine.

Jambo hili linatugusa tena sasa. Tanzania inafuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha (IFRS, pamoja na vile vya zamani vinavyoitwa IAS) tangu mwaka 2004, na kiwango kipya, IFRS 18, kinaanza na miaka ya fedha inayoanzia 1 Januari 2027. Kinapanga upya taarifa ya mapato na matumizi katika mafungu kama uendeshaji, uwekezaji na ufadhili, na kinadai faida ya uendeshaji ionyeshwe wazi. Kampuni nyingi zitakikuta kwanza kwenye hesabu za robo au nusu mwaka, yaani kwenye karatasi ambayo kwa kawaida mkaguzi wa nje hajaipitia.

Tuwatendee haki wahasibu: kujumuisha hesabu za kundi, yaani kampuni mama na kampuni zake tanzu, ni kazi nzito. Benki ya CRDB, kwa mfano, ina benki tanzu Burundi na Kongo, na kundi lolote la namna hiyo hufunga vitabu vya nchi zaidi ya moja. Mizania ya kampuni tanzu hubadilishwa kwa kiwango cha kubadilishia fedha cha siku ya kufunga, mapato yake kwa wastani wa kiwango hicho katika kipindi, na tofauti inayobaki huingia kwenye mtaji. Mauziano ya ndani nayo hufutwa. Kampuni mama ikiiuzia kampuni tanzu kwa shilingi milioni 100 bidhaa zilizoigharimu milioni 80, na bidhaa hizo bado ziko ghalani tarehe 30 Juni, ile milioni 20 si faida ya kundi hata kidogo. Kiwango cha IAS 34, kinachohusu hesabu za robo na nusu mwaka, kinaruhusu muhtasari kwa sababu kinadhani msomaji anayo taarifa kamili ya mwaka uliopita. Ruhusa hiyo naiunga mkono, maana habari fupi ya mapema inamfaa mwenye hisa kuliko habari ndefu iliyochelewa.

Ugumu huja kanuni inapobadilika. Msingi, kwa mujibu wa IAS 8, kiwango kinachohusu mabadiliko ya kanuni za uhasibu, ni kurekebisha pia takwimu za nyuma. Lakini viwango vipya huja na masharti yao ya mpito. IFRS 9 ya mwaka 2018, iliyogusa hasara za mikopo, na IFRS 16 ya mwaka 2019, iliyogusa mikataba ya kupanga majengo na mali nyingine, ziliruhusu kampuni kuiacha safu ya mwaka jana kama ilivyokuwa na kupeleka tofauti yote kwenye limbikizo la faida la siku ya kwanza ya mwaka.

Chukua kampuni iliyopanga jengo katikati ya jiji kwa miaka 5, kodi ya pango milioni 120 kwa mwaka, inayolipwa mwisho wa mwaka. Zamani gharama ilikuwa milioni 120, basi. Chini ya IFRS 16, kwa riba ya asilimia 12, inaandika deni na haki ya kutumia jengo vya takriban milioni 433. Mwaka wa kwanza uchakavu, yaani sehemu ya thamani hiyo inayokatwa kila mwaka, ni kama milioni 86.5 na riba milioni 51.9, jumla kama milioni 138.4. Faida ya uendeshaji inapanda kwa milioni 33 na ushee, faida kabla ya kodi ya mapato inashuka kwa zaidi ya milioni 18, na mwenye nyumba amepokea pesa ile ile. Mwanahisa anayelinganisha safu hizo mbili ataona biashara imebadilika, kumbe duka ni lile lile na wateja ni wale wale.

Wanaotetea kutorekebisha wana hoja nzito, hasa kwa IFRS 9. Ukikadiria leo hasara ulizopaswa kuzitarajia mwaka juzi, unajua tayari nani alilipa na nani alitoroka na mkopo. Makadirio hayo hayawezi kuwa safi. Kuna pia gharama: mikataba ya zamani itafutwe, mifumo irekebishwe, na mlipaji ni mwanahisa huyo huyo. Kwa hiyo sioni kosa kuiacha safu ya zamani. Kosa naliona kwenye kunyamaza.

IAS 34 yenyewe inadai kampuni ieleze aina na athari ya badiliko. Lakini ukurasa wa gazeti haubebi maelezo mengi, na msomaji hubaki na tarakimu tupu. Ukimya huo ni hatari zaidi pale kinachobadilika ni makadirio, kwani hayo kiutaratibu hayarudi nyuma kabisa. Lori la milioni 240 lililopangiwa miaka 5 hula milioni 48 kwa mwaka. Baada ya miaka 2 menejimenti ikisema litadumu miaka 8 kwa jumla, uchakavu unashuka hadi milioni 24. Huenda ni kweli kabisa, matengenezo yameboreshwa. Ila faida ya nusu mwaka imeongezeka milioni 12 bila mzigo hata mmoja kusafirishwa zaidi.

Kwa IFRS 18 mlango wa kuacha safu ya zamani umefungwa: takwimu za 2026 zitapangwa upya, na hata hesabu za vipindi vya ndani ya 2027 zitapaswa kuonyesha kila mstari ulivyotoka mpangilio wa zamani kwenda mpya. Wahasibu watalalamika, na kwa makundi yenye kampuni tanzu nyingi malalamiko yana msingi. Hata hivyo ulinganisho huo hasa ndio uliokosekana 2018 na 2019. Ningependa Soko la Hisa la Dar es Salaam na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana wadai uchapishwe pale pale gazetini, kwa Kiswahili pia, badala ya kuachwa kwenye faili la kurasa 40 tovutini ambalo wengi wenye hisa mia mbili hawatalifungua.